Kulinganisha Rangi ya Jino la Kauri na Meno ya Mgonjwa: Mwongozo Kamili kwa Kliniki na Maabara za Uganda

Krauni, yaani kofia ya jino inayotengenezwa maabara, inaweza kukaa barabara kwenye jino, isiumize ufizi wala kugongana na meno ya chini, na bado mgonjwa akairudisha kliniki kwa sababu kila anapotabasamu watu hulitazama jino hilo peke yake. Katika mazingira yetu ya Uganda tatizo hili lina sura yake. Daktari yuko Mbarara, Arua au Mbale, fundi wa maabara yuko Kampala, na wakati mwingine kazi huvuka mpaka hadi Nairobi. Fundi huyo hajamwona mgonjwa na pengine hatamwona kamwe. Kinachomfikia ni chapa ya meno iliyosafirishwa kwa basi, pamoja na karatasi iliyoandikwa "A2", jina la sampuli moja ya rangi. Herufi moja na tarakimu moja haziwezi kubeba rangi ya jino zima, na kwa sababu hiyo mwongozo huu unakazia mambo mawili kuliko mengine yote: kuusoma ung'avu wa jino kabla ya kusoma sifa nyingine, na kumpelekea fundi taarifa inayomtosha kulijenga jino ambalo hajaliona.

Sifa za rangi ya jino

Mwaka 1905 Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa Marekani, alichapisha mfumo wa kuipanga rangi kwa sifa tatu, na mfumo huo ndio unaotumika hadi leo katika matibabu ya meno. Sifa ya kwanza ni aina ya rangi, yaani kama jino linaelekea unjano, wekundu au kahawia. Ya pili ni ung'avu, ambao ni weupe au ukijivu unaobaki tukiiondoa rangi yote, jinsi jino linavyoonekana katika picha isiyo na rangi. Ya tatu ni ukolevu, kwa maana ya wingi wa rangi yenyewe: meno mawili yanaweza kuwa ya njano yote mawili, moja likiwa limekolea na jingine limepauka.

Katika sifa hizi tatu, ung'avu ndio unaoamua. Krauni ambayo aina yake ya rangi imekosewa kidogo lakini ung'avu wake ni sahihi hupita bila kutambuliwa na watu wengi, ilhali krauni ambayo ung'avu wake umepungua huonekana ya kijivu, mithili ya jino lililokufa, hata kwa mtu aliyeketi ng'ambo ya meza. Pamoja na hizo tatu kuna upenyaji wa mwanga. Enameli, gamba gumu la nje la jino, hupitisha sehemu ya mwanga na kuutawanya, na dentini iliyo chini yake ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya rangi. Ndiyo maana ncha ya jino la mbele, ambako enameli haina dentini nyuma yake, huonekana ya samawati au ya kijivu, na shingo ya jino, ambako enameli ni nyembamba, huonekana imekolea.

Seti ya sampuli inayopatikana katika kliniki nyingi ni VITA Classical, iliyoanza kutolewa mwaka 1956 na yenye sampuli 16. Kundi A ni la kahawia yenye wekundu, B ni la njano yenye wekundu, C ni la kijivu, na D ni la kijivu yenye wekundu. Sampuli zinapotoka kiwandani hupangwa kwa herufi, lakini kwa kazi yetu mpangilio huo haufai. Zipange upya kwa ung'avu, kuanzia iliyo angavu zaidi: B1, A1, B2, D2, A2, C1, C2, D4, A3, D3, B3, A3.5, B4, C3, A4, C4. Uandike mpangilio huo kwenye kipande cha karatasi ngumu na ukibandike ndani ya kifuniko cha seti, ili kila anayeitumia azirudishe sampuli mahali pake. Seti ya VITA 3D-Master, iliyotoka mwaka 1998, imepangwa kwa ung'avu tangu mwanzo, makundi 1 hadi 5, na kundi 0 ni la meno yaliyong'arishwa kwa dawa. Kliniki inayoweza kuinunua itafanya vyema kuinunua, mradi fundi naye awe nayo, kwa sababu seti mbili tofauti huzaa tafsiri, na tafsiri huzaa makosa.

Mwanga na chumba

Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya hushauri dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa huko jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna dirisha moja linaloaminika mwaka mzima. Kinachoaminika zaidi ni saa: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, mbali na jua la moja kwa moja, mbingu ikiwa na mawingu mepesi. Asubuhi sana na jioni mwanga huwa mwekundu na kila jino huonekana limekolea kuliko lilivyo. Angalia pia kile ambacho mwanga hugonga kabla haujaingia ndani. Ua wa udongo mwekundu, bati la jirani lililopakwa rangi ya kijani, au ukuta wa kliniki wenye rangi ya waridi, vyote huupaka mwanga rangi yake. Ukuta wa kijivu hafifu ndio bora, na kama haiwezekani kupaka upya chumba kizima, paka ule ulio mbele ya mgonjwa.

Kwa kuwa hali ya hewa haingoji miadi na umeme nao hukatika, nakushauri ununue taa ndogo ya mkononi inayotumia betri, yenye joto la rangi kati ya Kelvini 5000 na 6500 na kiwango cha uaminifu wa rangi (CRI) kisichopungua 90. Takwimu hizo huandikwa kwenye boksi la taa, na taa isiyoziandika usiinunue kwa kazi hii. Balbu za bei nafuu zinazouzwa pamoja na vifaa vya sola hutoa mwanga mweupe wa kutosha kusomea, lakini mwanga wa nyingi kati yake una mapengo ya rangi, na rangi mbili zinazofanana chini yake zinaweza kuachana mara mgonjwa anapotoka nje. Taa ya kiti cha matibabu nayo izimwe wakati wa kuchagua rangi, kwa kuwa ukali wake humeza tofauti ndogo.

Mwombe mgonjwa afute rangi ya mdomo. Kama amevaa gomesi au kitenge chenye rangi kali, mfunike kwa kitambaa cha kijivu kuanzia shingoni, kwa sababu jicho lililojaa rangi ya chungwa huliona jino likiwa la samawati. Wewe mwenyewe fahamu jicho lako: upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na kipimo cha Ishihara, ambacho kitengo chochote cha macho kinacho, kitakuonyesha kama unao. Aliye nao hazuiwi kufanya kazi hii. Amkabidhi msaidizi mwenye jicho zima hatua ya aina ya rangi, naye abaki na ya ung'avu.

Siku ya miadi: rangi kwanza

Rangi ichukuliwe kabla ya sindano ya ganzi, kabla ya chapa na kabla ya mashine ya kuchongea kuwashwa. Sababu yake inaonekana kwa macho. Mwombe mgonjwa afungue mdomo, tenga midomo, kausha jino la mbele kwa hewa na uendelee kulitazama. Baada ya dakika chache mng'ao wa juu hufifia, kisha weupe wa chaki huanza kusambaa juu ya enameli, na madoa meupe ambayo hayakuonekana hapo awali hujitokeza moja baada ya jingine. Maji yaliyokuwa ndani ya enameli yametoka, hewa imeingia mahali pake, na mwanga sasa unarudi mapema badala ya kupenya hadi kwenye dentini. Jino hilo linaweza kuhitaji zaidi ya nusu saa, na wakati mwingine hadi siku nzima, kurudi lilivyokuwa. Anayechagua rangi mwishoni mwa miadi, baada ya kuchonga, anachagua rangi ya jino kavu, na krauni atakayoletewa itakuwa nyeupe kupita jirani zake.

Anza kwa kusafisha meno kwa brashi na unga wa kusugulia, hasa kwa mtumiaji wa chai nyingi, tumbaku au mairungi, kwani madoa ya juu siyo rangi ya jino. Kama mgonjwa anataka kung'arisha meno yake kwa dawa, afanye hivyo kwanza, na rangi ya krauni ichukuliwe baada ya wiki mbili au zaidi. Mweke akae wima, jino likiwa usawa wa jicho lako, nawe usimame umbali wa mkono mmoja. Lainisha sampuli kwa maji, kwa maana jino lenye mate na sampuli kavu hazilinganishwi.

Sasa soma ung'avu. Fumba macho nusu ili rangi ipungue na mwanga ubaki, kisha pitisha sampuli kwa mpangilio wa ung'avu, ukiiweka kila moja ncha kwa ncha na jino, isiwe mbele wala nyuma yake. Ile inayopotea kando ya jino, usiweze kusema ipi ni ipi, ndiyo yako. Usitazame kwa zaidi ya sekunde 5 hadi 7 kwa mara moja; jicho huchoka upesi, na kadiri unavyokazia ndivyo kila kitu kinavyofanana. Kati ya tazamo moja na jingine pumzisha macho kwenye kadi ya kijivu. Wapo waliofundishwa kutumia kadi ya samawati, lakini samawati huacha kivuli cha rangi ya chungwa machoni na kulipotosha tazamo linalofuata.

Ukishapata ung'avu, tafuta ukolevu, na mwisho aina ya rangi. Kwa aina ya rangi, chonge husaidia sana, kwa sababu ndilo jino la mbele lililokolea kuliko mengine na wekundu au unjano wake huonekana wazi. Ukisita kati ya sampuli mbili, chagua ile iliyo angavu zaidi na isiyokolea sana. Fundi anaweza kuongeza ukolevu na kushusha ung'avu kwa rangi za juu na moto mwepesi, lakini kuupandisha ung'avu wa kauri iliyokwisha kuchomwa ni kuipaka kitu kizito kinachoua upenyaji wa mwanga, na kazi hiyo haina uzuri.

Sehemu hii pia ndiyo ya mazungumzo na mgonjwa. Ngozi nyeusi hufanya meno yaonekane meupe kuliko yalivyo, na wagonjwa wengi huamini kwamba meno yao ni B1 hali ni A2 au A3. Mama akikuambia, "Daktari, nipe jeupe kabisa," mpe kioo, weka B1 kando ya jino lake na umwache aitazame mwenyewe chini ya mwanga wa mchana. Kama anatengenezewa jino moja, mweleze kwa upole kwamba jino hilo halina budi kufuata majirani zake. Kama anatengenezewa meno yote ya mbele, uamuzi ni wake, nawe una haki ya kutoa ushauri.

Ramani ya jino na kisiki

Chora jino kwenye karatasi, kubwa kiasi cha kiganja, uligawe sehemu tatu: shingo, tumbo na ncha. Katika kila sehemu andika sampuli inayofaa, maana jino moja kwa kawaida lina mbili au tatu. Onyesha mahali ambapo mwanga unapenya na upana wake kwa milimita, nyufa, madoa na umbo la uso, kama ni laini au una mistari. Uso wa krauni ukiwa laini na unang'aa huku majirani wake wana mistari, mwanga hurudi kwa namna nyingine, na rangi iliyo sahihi huonekana ya uongo.

Ramani hii ni ya lazima kwa wagonjwa wenye madoa ya floridi, ambao katika magharibi ya nchi, kwenye baadhi ya maeneo ya Kasese na Kisoro, si wachache. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita ya maji ya kunywa, na watoto wanaokulia kwenye vyanzo vinavyozidi hapo hupata meno yenye mawingu meupe, mistari, na katika hali kali madoa ya kahawia. Hakuna sampuli inayoonyesha hayo. Krauni safi ya A2 katikati ya meno ya namna hiyo hujitangaza mara moja, kwa hiyo chora kila wingu mahali pake, pamoja na kina chake: lile lililo ndani fundi hulizika chini ya tabaka la enameli, na lile la juu hulipaka mwishoni.

Baada ya kuchonga, chukua rangi ya kisiki, yaani sehemu ya jino iliyobaki kuibeba krauni. Hatua hii husahaulika sana na huharibu kazi nyingi za kauri inayopitisha mwanga. Jino lililotibiwa mzizi huweza kuwa la kahawia au la kijivu, na lenye nguzo ya chuma huwa jeusi kabisa. Kauri ya lithiamu disilikati ya daraja la upenyaji mkubwa ikiwekwa juu ya kisiki cha namna hiyo itakuwa ya kijivu hata kama fundi alifuata A2 kwa uaminifu wote. Hapo agiza kiini kizito, ama zirkonia (kauri imara sana), ama lithiamu disilikati ya upenyaji mdogo iliyoongezwa tabaka la juu. Zirkonia yenyewe si moja: ile yenye itria (oksidi inayochanganywa nayo) ya asilimia 3 za moli ni imara na hupitisha mwanga kidogo, na ile ya asilimia 5 hupitisha zaidi lakini uimara wake umepungua.

Nafasi nayo ni rangi. Krauni ya chuma na poseleni huhitaji karibu milimita 1.5 upande wa mbele. Ikipewa milimita 1, tabaka zito linaloficha chuma hukaribia uso na jino huonekana la chaki, au fundi hulivimbisha. Kwa vinia, yaani gamba jembamba la kauri linalobandikwa mbele ya jino, kanuni inayotumika ni milimita 0.2 hadi 0.3 za kauri kwa kila hatua moja ya rangi unayotaka kubadilisha. Daktari anayechonga kidogo kisha akamlaumu fundi kwa rangi hamtendei haki.

Picha na fomu

Picha nzuri hufanya kazi ambayo maneno hayawezi. Kamera yenye lenzi ya karibu ya milimita 100 na taa mbili za pembeni ndiyo bora, lakini simu nzuri inatosha ikitumiwa kwa nidhamu: usitumie taa ya simu, kwa kuwa huacha doa jeupe katikati ya jino, rudi nyuma kidogo na kuza, usiibandike mdomoni, tumia taa yako ya mkononi kutoka pembeni. Weka ndani ya picha sampuli tatu, uliyochagua, iliyo angavu zaidi yake na isiyofikia ung'avu wake, ncha kwa ncha na jino, kwenye mstari mmoja wa kina, na jina la kila sampuli lisomeke. Weka pia kadi ya kijivu pembeni ili fundi aweze kurekebisha rangi kwenye kompyuta. Piga moja kabla ya kuchonga, moja ya uso mzima akitabasamu, na moja ya kisiki chenye sampuli yake. Ile ya kwanza igeuze kuwa isiyo na rangi na uikague mwenyewe: kama sampuli uliyochagua inajitenga na jino hapo, umekosea ung'avu, na bado una nafasi ya kuchagua upya kabla mgonjwa hajachongwa.

Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha, kwa sababu ikitumwa kama picha programu huibana na kutupa sehemu ya taarifa, na mistari midogo ya enameli ndiyo hupotea kwanza. Mwombe mgonjwa ruhusa, na utumie namba ya faili badala ya jina lake.

Kwenye fomu andika umri, jino, rangi za sehemu tatu, rangi ya kisiki, aina ya kauri na upenyaji wake, kiasi cha nafasi kwa milimita, seti ya sampuli uliyotumia, na mwanga uliotumia. Kisha mpigie fundi. Mazungumzo ya dakika chache kati yenu yana thamani kuliko spektrofotomita, kifaa cha kupima rangi, iliyolala kabatini. Kifaa hicho ni kizuri, hakichoki wala hakidanganywi na kitambaa, lakini ncha yake husoma eneo dogo na hakimwambii fundi mahali wingu lilipo. Kwa vipimo vyake, watazamaji nusu huanza kuiona tofauti inapofika takriban 1.2 kwenye mizani ya CIELAB ya mwaka 1976, inayopima kwa namba umbali kati ya rangi mbili, na nusu huikataa inapofika takriban 2.7; ukijua hivyo utaweza kuamua kama kazi irudiwe au ibaki.

Kujaribisha na kufunga

Krauni ikirudi, ijaribishe mwanzoni mwa miadi, meno yakiwa bado na mate. Weka ndani yake maji au jeli ya majaribio yenye rangi ya simenti utakayotumia, kwa sababu hewa iliyobaki kati ya kauri na kisiki huifanya kauri ionekane nyepesi na isiyo na kina. Itazame chini ya taa yako, kisha mpeleke mgonjwa mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kisha chini ya balbu ya kawaida. Ikifaa pote, mpe kioo yeye na aliyemsindikiza, na upate kauli yao kabla ya kufunga. Kwa mgonjwa ambaye hupanda jukwaani au hufanya kazi kwenye ukumbi wa muziki, muulize fundi kama kauri yake ina fluoresensi. Meno ya asili hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, na kauri isiyo na sifa hiyo huonekana kama pengo.

Kwa vinia nyembamba rangi ya simenti huonekana, na simenti ya rezini inayogandishwa kwa mwanga pekee ndiyo ya kuchagua, kwani nyingi za zile zinazojigandisha kwa kemikali ziitwazo amini hugeuka njano kadiri miaka inavyopita. Kwa krauni nene au ya zirkonia nzito simenti hubadilisha kidogo sana, wala usitarajie iikomboe krauni iliyokosea.

Kama imekosea, tenganisha kosa kabla ya kuirudisha. Krauni iliyo angavu mno au iliyopauka hurekebishwa maabara kwa rangi za juu na moto wa kung'arishia, na picha mpya ikiwa na krauni mdomoni iandamane nayo. Iliyo ya kijivu itengenezwe upya, kwa kauri nzito zaidi kama kisiki ndicho kisababishi, au baada ya kuongeza nafasi kama unene ndio tatizo. Usiombe ichomwe tena na tena kwa matumaini, kwa kuwa kila moto wa ziada unaweza kuibadilisha rangi zaidi. Ikishafungwa, andika kwenye faili sampuli zote, kisiki, kauri, simenti na jina la maabara, uhifadhi na picha, ili jino la jirani likivunjika miaka mingi baadaye fundi aanze na taarifa iliyo kamili.